Jicho la Mama Habenzi

Ukitaka kumwona Clotilda amekaa kitako ilibidi umvizie kanisani, na hata huko padri akikohoa tu yeye alishasimama. Kiguu na njia, yule mwanamke! Asubuhi yuko kisimani, jua likipanda yuko shamba la kijiji, likikaza yuko njiani kwenda Ntobeye kwa shangazi yake kuuliza kama kule chumvi imefika, na jioni unamkuta anaufagia upya ule ua alioufagia alfajiri. Watu wa Bukiriro walisema mama yake alimzaa akiwa safarini, ndiyo maana. Mwenyewe ukimwambia aketi alikujibu kwamba atakaa akizeeka, kisha akaondoka kabla hujamaliza kucheka.

Jina la Clotilda lilibaki kwenye cheti cha ubatizo tu. Mitaani aliitwa Mama Habenzi, na jina hilo lilitoka kwa babu yake, mzee Celestini, mvuta tumbaku mkubwa.

Huyu Celestini ujanani mwake alikuwa mtumishi wa Mjerumani mmoja mwenye duka, kule Biharamulo, siku za boma. Vita ya kwanza ilipomkimbiza yule bwana, vitu vyake vilichukuliwa na waliowahi, na Celestini akawahi kitabu. Kilikuwa kitabu cha kufundishia maneno: Kijerumani upande huu, Kiswahili upande huu. Wewe unadhani alikisoma? Karatasi yake ilikuwa nyembamba, inaungua taratibu, haikereketi kooni. Celestini akaivuta sura ya salamu. Akaivuta sura ya safari na wapagazi. Akaivuta sura ya mwili na maradhi, kuanzia unywele hadi ukucha wa mguu, akaimaliza yote. Alipofika sura ya dukani mjukuu wake Clotilda, msichana wa miaka saba, alikiiba kitabu akakificha kwenye pakacha la maharage. Mzee akatafuta siku mbili, akanuna, halafu akacheka, na badala ya kumpiga akaanza kumfundisha kuzisoma zile kurasa kumi na mbili zilizosalia. Dukani ndiko alikofanyia kazi, na kila sentensi ya pale aliijua kwa sauti ya bwana wake.

Basi Clotilda akakua anakijua Kijerumani cha duka, na cha duka tu. Hakujua kusema habari za asubuhi, wala mkono, wala mama. Lakini Was kostet das alijua ni bei gani. Haben Sie etwas Größeres, je, unayo kubwa zaidi? Gibt es das in einer anderen Farbe, ipo ya rangi nyingine? Ich sehe mich nur um, naangalia tu. Ich nehme es, haya, naichukua. Na ya mwisho kabisa, chini ya ukurasa uliochanika pembe: Kann ich das umtauschen, naweza kuibadilisha?

Hizo sentensi alizitumia kwa Ansbert. Ansbert alikuwa kijana mkimya wa ng'ambo ya bonde, mkulima hodari, mtu wa kusema neno moja kwa siku na hilo moja alifikirie kwanza. Alipoanza kupita karibu na kwao kila Jumapili, huku akijifanya anatafuta mbuzi, Clotilda alisimama uani akamwambia: Ich sehe mich nur um. Akamfasiria, ili aumie vizuri. Mwaka mzima kijana anakuja, mwaka mzima anaambiwa naangalia tu. Siku alipokubaliwa, alikubaliwa kwa hayo hayo maneno ya dukani: Ich nehme es. Ansbert aliyashika, na hata baada ya ndoa, akiletewa chakula kizuri, alisema ih neme es, akacheka peke yake.

Mwaka sabini na nne ikaja operesheni. Watu wakatolewa kwenye migomba yao kule vilimani wakapangwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari, wakaitwa kijiji. Kijiji kikapewa duka la ushirika, na duka likapewa Desderius. Desderius alikuwa mtu mwema mwenye neno moja, nalo ni hamna. Sukari hamna, sabuni hamna, mafuta ya taa yalikuwepo juzi. Kwenye rafu kulikuwa na viberiti, na juu kabisa ndoo moja ya bati yenye tundu. Clotilda akiingia pale hamwamkii tena mwenye duka kama watu wengine. Anasimama wima kama bibi wa Kizungu, anauliza Haben Sie Zucker, sukari unayo, anajibiwa hamna. Haben Sie Seife, na sabuni? Hamna. Halafu anakionyesha kiberiti kwa kidole na kuuliza kama kipo cha rangi nyingine. Foleni nzima inajifia kwa kicheko. Katibu wa tawi alimwita akamhoji, maana katika ile Haben Sie alikuwa amesikia wabenzi, wale wakubwa wa magari ya Benzi, akadhani Chama kinatukanwa. Clotilda akamsomea ukurasa. Katibu akamwachia, na jina likabaki: Mama Habenzi.

Sasa hapa sharti tumtaje Mwalimu Malongo, tukipenda tusipende. Kwetu Ngara ulimi umezoea r. Mtu wetu akisinzia anarara, na akienda shule anabeba karamu, kumbe karamu ni shughuli ya kula na kunywa. Malongo alikuwa mtoto wa Kisukuma kutoka upande wa Biharamulo, na kwao ulimi umelemea ng'ambo ya pili: barabara kwake ni balabala, habari ni habali. Huyo ndiye aliyeletwa kuwanyoosha watoto wa Ngara! Clotilda aliposimama darasani akasema amesahau karamu nyumbani, alipigwa viboko vitatu vya mikono na kuambiwa arudie: kalamu. Wiki iliyofuata alitaka kusema mahali akasema mahari, akapigwa tena, na wavulana wakamcheka hadi kengele. Tangu hapo akajiwekea sheria. Na wenzako sema utakavyo. Lakini mbele ya mkubwa mwenye kalamu mkononi, kila r igeuze l. Na mkubwa akikurekebisha usibishane naye, rudia alivyosema yeye. Sheria hiyo ilimfikisha darasa la nne bila kiboko kingine, akaishika kama amri ya kumi na moja.

Mwishoni mwa sabini na nane vita ikaja. Ansbert alikuwa mgambo wa kijiji, amefundishwa kwata kwa bunduki ya mti, na lori lilipopita kuwakusanya alipanda bila maneno, kama kawaida yake. Mwezi wa tatu, ndani kabisa ya Uganda, kipande cha chuma kisichozidi punje ya muhindi kilimtoa jicho la kushoto. Alilazwa Mwanza. Mwezi wa tano akarudi, kitambaa cheupe kimefungwa upande mmoja wa uso.

Kijiji kilimpokea kwa ngoma. Mwenyekiti akamwita shujaa mara nne katika hotuba moja. Ansbert hakusikiliza hotuba, alikuwa anamtafuta mtoto wake, Rozalia, wa miaka minne. Akamwona, akachuchumaa, akanyoosha mikono. Kitambaa kikateleza. Mtoto akapiga kelele akajificha nyuma ya kanga ya mama yake, akatetemeka mwili mzima. Ansbert akasimama, akakifunga tena kitambaa, akaingia ndani.

Na hakutoka. Misa hakwenda, sokoni hakwenda, mkutano wa kijiji hakwenda. Alilima migomba michache ya nyuma ya nyumba na kurudi kwenye kigoda chake, uso ukutani. Mkewe alipomwuliza ataishi hivyo hadi lini, alisema atatoka siku akiwa na macho mawili. Clotilda alijibu kwamba Mungu ni mkubwa, akachukua mtungi akaenda kisimani, ingawa maji yalikuwepo. Kama alikuwa kiguu na njia zamani, sasa ndiyo hasa. Chakula alimwekea mumewe upande wa kulia, upande wa jicho zima, akisema naye huku anautazama mlango. Kile kitambaa alikifua kila siku ya pili. Ansbert alikivua mwenyewe na kukifunga mwenyewe, yeye akiwa nje.

Habari ya jicho la bandia waliipata kwa Sista wa zahanati ya misheni, Mjerumani mzee aliyezungumza Kiswahili vizuri kuliko katibu wa tawi. Ansbert alipopitia kwake kusafishwa kidonda wakati anarudi kutoka Mwanza, Sista alimpima kwa rula na nta, akasema kwao kuna mafundi wanaotengeneza macho ya kioo, na kwamba ataandika barua. Litakuja bure, ndani ya makasha ya dawa. Ansbert alisikia hilo, na ndilo neno pekee lililomfanya ageuze uso kutoka ukutani miezi ile.

Mwezi wa saba katekista akaleta ujumbe: mafundi wamejibu, Mama Rozalia aje aseme wanataka rangi gani, na aje upesi, posta inaondoka. Clotilda hakungoja kunywa uji. Kutoka Bukiriro hadi misheni ni mwendo wa saa tano kwa miguu. Yeye alikwenda kwa nne, na njia nzima alikuwa anaiimba sentensi yake. Rangi ya kahawia, kitabuni, ni braun. Braun, braun, braun, alikuwa anasema kwa mdundo wa hatua, na r yake ilikuwa nzuri, ya kuvingirika, ya Kihangaza chetu safi. Alijiona amezaliwa kwa ajili ya siku ile. Miaka mitano anauliza rangi nyingine kwa Desderius, na leo kuna mtu wa kumjibu.

Alipofika alikuta Sista amepelekwa hospitali kwa malaria na padri yuko vigangoni. Aliyekuwepo ni Bruda mpya, fundi wa mabomba, ana wiki sita nchini na Kiswahili chake ni jambo na asante. Gari la posta lilikuwa linanguruma uani, mlango wazi. Bruda alikuwa na karatasi juu ya boneti, iliyojazwa na Sista kwa mkono: namba kumi na nne, moja, kushoto, ndogo, na pa rangi pamebaki wazi. Karatasi yenye picha za vitu na namba zake ilikuwa kabatini kwa Sista, na kabati limefungwa. Bruda hakujua namba kumi na nne ni kitu gani. Ingeweza kuwa kifungo, ingeweza kuwa taa ya pikipiki.

Mpishi wa misheni, mtu wa busara, alisema asubiri kidogo akamwite katekista awafasirie. Clotilda akamwambia hakuna haja, yeye lugha anaijua. Jamani, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi! Angengoja dakika kumi tu. Lakini kungoja ndiko hasa alikokuwa hakuwezi, na tena alikuwa na fahari yake, tusimfiche.

Bruda alitoa kalamu mfukoni, akamtazama. „Welche Farbe?“ akauliza.

Rangi gani? Ilikuwa sentensi ya ukurasa wa tano, neno kwa neno. Clotilda akasimama wima, mikono ubavuni, moyo unamdunda. Mbele yake mkubwa, mwenye kalamu mkononi. Na ile sheria ya Malongo, iliyokuwa imelala ndani yake miaka yote, ikaamka bila kuitwa.

„Blaun, bitte,“ akasema, na tafadhali juu yake.

Bruda akainua kichwa. Neno blaun halipo kwao. „Blau?“

Clotilda akaona aibu mpaka masikioni. Kumbe amekosea matamshi, na mkubwa amemrekebisha kwa upole, bila kiboko. Hakubishana, alirudia alivyoambiwa. „Ja. Blau. Bitte.“ Halafu, kwa furaha ya kwamba mambo yamekwisha, akamalizia: „Ich nehme es.“

Bruda akacheka kwa mshangao, akaandika, akampa mkono, akapanda gari. Blau ni buluu. Ipo ukurasa wa sita, mstari wa pili, Clotilda alikuwa ameisoma mara elfu. Lakini alirudi nyumbani akiwa ameshiba sifa za mpishi, hakuikumbuka kabisa.

Basi wakaanza kungoja. Wa nane ukapita, wa tisa ukapita. Clotilda alikuwa akienda misheni kila wiki ya pili kuuliza, saa tano kwenda na saa tano kurudi, na katikati ya wiki anakwenda Ntobeye, na asipokwenda Ntobeye anakwenda barabarani kuangalia magari. Magari yenyewe hayakuwepo, mafuta yalikwisha na vita. Mvua zikaanza, akawa anakwenda na matope hadi magotini. Rozalia alibaki na bibi. Ansbert alibaki na ukuta.

Mwezi wa kumi na moja Ansbert akasema. Alisema taratibu, kama mtu aliyelipanga neno lake siku nyingi, kwamba Noeli ikifika bila jicho yeye atapanda juu, kwenye mahame yao ya zamani, akae huko na migomba yake. Kurudi mahameni ilikuwa imekatazwa, watu walishushwa kwa nguvu, lakini nani angemfuata mtu mwenye kitambaa usoni? Clotilda akamwuliza, na mimi je? Ansbert akaugeukia ukuta. Baadaye, mkewe akiwa ameshafika mlangoni, alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye hata hivyo ni mtu wa njiani, hatapungukiwa. Clotilda alilala na neno hilo, akaamka nalo, na hakupata wa kumpelekea.

Kasha likafika wiki ya pili ya Majilio. Sista alikuwa amepona, amekonda, akamwita mwenyewe chumbani na kukifungua kijisanduku juu ya meza. Ndani ya pamba kulikuwa na jicho. Lilikuwa zuri, lina mishipa myembamba myekundu kama la mtu hai, na mboni yake ilikuwa ya buluu, buluu ya ua la kunde asubuhi.

Sista akageuza karatasi, akamwita Bruda. Bruda, ambaye sasa Kiswahili kilikuwa kimemkaa, aliapa kwamba mama alisema blau, na aliulizwa, na akasema tena blau. Clotilda akapinga kwa hasira. Yeye alisema rangi ya kahawia, akataja na ukurasa. Sista akamwambia aseme, basi, kama alivyosema siku ile. Clotilda akavuta pumzi, akasema: blaun. Sista akafunga mdomo kwa mkono, na haikujulikana kama anacheka au analia. Akamweleza. Herufi moja tu, Mama Rozalia. Clotilda akashika meza.

Ile sentensi ya mwisho ya kitabu alikuwa nayo, na Sista aliisema kabla yake: wataweza kulibadilisha, ndiyo, labda mwezi wa nane, labda wa tisa. Kwa sasa achukue hili. Akamwonyesha kwa kutumia yai la kuku namna ya kuliosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kuinua kope la juu, kuliingiza kwa kuinamisha. Akamwambia mgonjwa hawezi mwenyewe mara ya kwanza, mkewe atamwekea, na lazima amtazame vizuri pale penyewe, taa karibu, asikimbize macho. Clotilda akasema ndiyo, Sista. 

Njiani kurudi alitunga uongo wa kila namna. Wazungu wamekosea, basi. Bruda ni kiziwi. Jicho halijaja kabisa, kasha limepotea Tabora. Kwenye kijito alisimama, akalitoa lile sanduku, akalishika juu ya maji. Maji ya mvua yalikuwa mengi, yangelichukua hadi mto Ruvubu bila swali. Akalirudisha kifuani, akatembea, akasimama tena. Alijitukana, akamtukana Malongo kaburini kwake, akamtukana babu aliyeivuta sura ya mwili. Kama angejua kusema jicho, Bruda angeshtuka! Alikuwa anaogopa. Hakuogopa kugombezwa, Ansbert hajui kugombeza. Aliogopa kile kitu alichoambiwa akitazame.

Alifika jua linazama. Mlangoni aliona mkeka umekunjwa, jembe limefungwa juu yake kwa kamba, na chungu kidogo. Noeli ilikuwa bado siku kumi. Ansbert alikuwa kwenye kigoda.

„Limekuja?“

Uongo wote ukamkimbia. „Limekuja, Baba Rozalia. Ni la buluu.“ Akamsimulia yote kwa mbio moja, amesimama, anautazama mlango: katekista, gari linalonguruma, kalamu, mpishi aliyemwambia angoje. Hakujibakiza. „Wao hawakukosea. Ni mimi niliyeulizwa mara mbili nikasema buluu.“

Ansbert akausogeza mkono wake juu ya kigoda cha pili. „Kaa,“ akasema.

Akakaa. Clotilda akawasha kibatari, mafuta yenyewe ya kuazima, akachemsha maji, akatia chumvi, akaosha mikono. Halafu akafungua kitambaa kwa mikono yake, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, akasogeza taa, akatazama.

Kumbe palikuwa pale tu. Kope limelala, ngozi ya ndani nyekundu kidogo kama ya mdomo, safi, hakuna harufu, hakuna kitisho. Miezi saba amekimbia bonde na vilima kwa ajili ya kitu kidogo namna ile! Machozi yakamtoka, akayafuta kwa bega ili mikono isichafuke.

„Tangu nirudi,“ Ansbert akasema, „leo ndiyo umeniangalia.“

Clotilda alitaka kubisha. Alikuwa na ushahidi, safari zote zile za misheni, matope, vidonda vya miguu. Hakubisha. „Niliogopa,“ akasema.

„Mtoto nilimwelewa. Wewe nilikuwa nakungoja.“

Hilo lilimkata Clotilda kuliko viboko vyote vya Malongo. Hakuinuka. Aliinua kope kama alivyofundishwa, akaliinamisha jicho, likaingia, likakaa. Akarudi nyuma kidogo na taa. Mbele yake alikuwa mumewe, Mhangaza mweusi wa Bukiriro, jicho moja la kwake na moja la mbinguni, anamtazama. Ilikuwa ajabu, na ilikuwa vibaya, na ilikuwa uso wake.

Ansbert akakiomba kioo, akajitazama kwa zamu, kulia, kushoto. Akakiweka chini. Akaitafuta sentensi kichwani mwake, taratibu, akaipata. „Kan ih das umtaushen?“ akauliza.

Clotilda hakujua kama anauliza habari ya jicho au habari ya mtu. Akamshika uso kwa viganja viwili, akamtazama pote pawili.

„Ich nehme es,“ akasema.

Alhamisi yake sabuni ikaletwa kwenye duka la ushirika, kipande kimoja kwa kaya, na mwenye kaya afike mwenyewe. Foleni ilikuwa imeshazunguka nyumba ya mwenyekiti walipotokea, Ansbert mbele, bila kitambaa, Rozalia ameshikwa mkono na mama yake, akimchungulia baba kwa hamu, maana jicho la buluu lilikuwa limemfurahisha kupita kiasi. Watu wote wakageuka kumtazama. Hata mbwa, nadhani. Walikuwa wamejiandaa kumwonea huruma na sasa hawakujua wafanye nini na nyuso zao. Zamu ilipofika, Desderius alimkabidhi sabuni, akashindwa kujizuia. Akamwamkia shikamoo, ingawa wana rika moja, na akauliza kwa nini buluu, mzee, kulikuwa hakuna za rangi yetu?

Clotilda alikuwa kwenye benchi la duka, akainamisha kichwa akingoja aibu yake imshukie mbele ya kijiji kizima. Ansbert alifikiri kwanza, kama kawaida yake. Akaitazama rafu, viberiti na ile ndoo yenye tundu, akaitazama foleni yote ya watu waliopanga tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni.

„Zilikuwepo za kila rangi,“ akasema. „Tukaulizwa tunataka ipi. Mke wangu akachagua hii.“

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja nyuma akauliza, kwa sauti ya mtu asiyeamini, kama kweli waliulizwa. Ansbert akasema waliulizwa mara mbili. Kisha akaenda akakaa kwenye benchi karibu na mkewe, na Mama Habenzi, aliyekuwa na nguo za kufua, na kuni za kuokota, na shangazi wa kumpelekea habari Ntobeye, alikaa pale naye mpaka foleni ikaisha.